Kalkuleta ya Editha na Debe la Mbegu Nyeusi

Editha alikuwa mtu wa kupima. Unga aliupima kwa kibaba, shamba alilipima kwa hatua, na wageni aliwapima kwa macho kabla hawajaketi. Basi kaka yake Christopher alipomletea kalkuleta kutoka Singida mjini, hakulala mbali nayo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya Kiomboi yalijaa vitu ambavyo zamani watu walivisikia redioni tu. Mafuta ya kupikia hayakuwa tena ya kupanga foleni. Watu walikamua yao wenyewe. Editha na mumewe Simeoni walikuwa na mashine ya mkono ya kukamulia alizeti, na shamba la ekari mbili.

Asubuhi hiyo madebe mawili yalisimama uani, karibu na mashine. Moja lilikuwa na alizeti ya mistari, mbegu ya miaka yote. La pili lilikuwa na alizeti nyeusi, mbegu mpya. Debe moja lingekamuliwa leo, kwani jikoni mafuta yalikuwa yamekwisha. Debe la pili lingepandwa, kwani mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Mbegu ikishakamuliwa haioti tena. Na mbegu nyeusi ilikuwa imekwisha dukani.

"Tunakamua nyeusi," alisema Editha. "Ya mistari ndiyo yenye mafuta mengi, tunaipanda. Hesabu nimeshapiga."

Mama mkwe wake, Theresia, aliacha kupepeta mtama.

"Mwanangu, wiki iliyopita tulizijaribu zote mbili. Nyeusi ilitoa mafuta upesi. Mikono yangu ilisikia."

"Mama, mikono haijui hesabu. Hii kalkuleta haidanganyi."

Theresia akarudia kupepeta. Editha akaona ameshinda, akafurahi.

Fundi Anuari alikuwa amefika kwa basi kutoka Utemini, kutengeneza mashine ya kukamulia iliyokwama. Alimwamkia Theresia shikamoo, akavua kofia, akafanya kazi yake. Sasa alijifuta grisi mikononi.

"Tayari. Tuijaribu kwa mbegu ipi?"

"Nyeusi," alisema Simeoni, akainua debe.

"Subiri kwanza, bwana! Nyeusi? Huko kwetu watu wanaitafuta kwa tochi. Kwa nini mnaikamua?"

Editha alikuwa anangoja swali hilo tu. Akaleta kalkuleta na daftari.

"Sikiliza, fundi. Kilo tisa za mistari zilitoa lita mbili. Kwa hiyo kilo moja ilitoa 2/9 ya lita. Kilo nne za nyeusi zilitoa lita moja. Kwa hiyo kilo moja ilitoa 1/4 ya lita. Sasa nagawa namba ya juu kwa namba ya chini. Mbili gawanya kwa tisa, tazama: 0.2222222. Moja gawanya kwa nne: 0.25. Ya mistari ni milioni mbili na zaidi! Nyeusi ni ishirini na tano tu."

Anuari hakucheka, ingawa ndevu zilimcheza kidogo.

"Dada, kugawa umegawa sawasawa. Juu kwa chini, ndivyo sehemu inavyogeuzwa kuwa desimali. Umekosea kwenye kusoma."

Akatoa tepu yake, akaivuta chini mpaka mita moja.

"Tuseme mita hii ni lita yako nzima. Igawe vipande kumi. Namba ya kwanza baada ya nukta inahesabu vipande hivyo. Mistari ina vingapi?"

"Viwili."

"Nyeusi?"

"Viwili."

"Basi hapo ziko sawa. Sasa kila kipande kigawe tena mara kumi. Ndizo hizi sentimita. Namba ya pili inahesabu hizo."

"Mistari mbili," alisema Editha polepole. "Nyeusi... tano."

Anuari akaweka mbegu ya mistari kwenye sentimita ya ishirini na mbili. Akaweka mbegu nyeusi kwenye ishirini na tano. Wote wakainama kutazama. Nyeusi ilikuwa mbele.

"Na hizo namba nyingine tano za nyuma?" Editha aliuliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Mkia tu huo. Kila moja ni ndogo mara kumi kuliko iliyoitangulia. Hata zikijipanga mpaka Singida mjini, hazitafika ishirini na tatu. Ndiyo maana tunakadiria. Bakiza namba mbili baada ya nukta. Kabla ya kukata mkia, ichungulie namba ya tatu. Ikiwa tano au zaidi, ongeza moja kwenye namba ya pili. Ikiwa chini ya tano, ya pili iache ilivyo."

"Ya tatu ni mbili. Ni chini ya tano. Naiacha. 0.22."

"Na nyeusi 0.25. Zikiwa na urefu mmoja, ndipo unalinganisha."

Simeoni naye akataka kukata mkia. Akaifunika kalkuleta kwa kiganja chake kikubwa. Namba zote zikapotea, maana ilikula jua badala ya betri.

"Umekata mpaka kichwa!" alisema Theresia, na ua mzima ukacheka.

Editha alicheka pia, lakini masikio yalimchoma kwa aibu. Alilitazama lile debe. Lilikuwa limebakiza kumiminwa tu.

"Mama, nisamehe. Mikono yako ilijua."

"Yamekwisha, mwanangu. Kamua ya mistari, tule."

Mvua zilikuja vizuri. Mwezi wa sita walivuna, wakakausha, wakakamua. Kilo kumi na nane za nyeusi zilitoa lita tano. Majirani walijaa uani. Editha akagawa tano kwa kumi na nane. Kalkuleta ikaonyesha 0.2777778.

"Namba ya tatu ni saba," alisema kwa sauti ya kusikika. "Imezidi tano. Kwa hiyo namba ya pili, saba, inakuwa nane. Ni 0.28. Kila kilo imetoa karibu sehemu ishirini na nane katika mia za lita!"

"Nisogezeeni tepu," alisema Theresia.

Simeoni alikuwa amenunua ya kwao. Theresia hakuwahi kukaa darasani, lakini alihesabu mbuzi tangu utotoni. Akapitisha kidole sentimita moja moja, midomo ikicheza. Kwenye ishirini na mbili akaweka mbegu ya mistari. Akaendelea, tatu, nne, tano, akapita pale pa mwaka jana. Kwenye ishirini na nane akaweka nyeusi.

"Haya," aliwaambia majirani. "Asiyejua kusoma aje nimsomee."