Chai ya Mashine ya Mochwari

Umewahi kutia kidole kwenye kompyuta ya zamani, pale penye mwanya wa kuingizia diski za flopi, ukaguswa na ulimi? Usinijibu haraka. Usiniambie hizo ni story za vijiweni. Binti ninayekuhadithia ana digrii ya kompyuta, first class, na kilichomgusa kilikuwa na joto, kilikuwa na mikwaruzo kama ulimi wa paka, na kilimlamba kuanzia ncha ya kidole mpaka kwenye pete.

Tumwite Digrii. Ndivyo walivyomwita mtaani kwao, kwa kumcheka, maana ukikaa nyumbani miaka minne na cheti cha chuo kikuu ukutani, watu wanakitaja cheti hicho kama wanavyotaja kilema. "Digrii, hebu njoo unitazamie hii rimoti." Jina lake la kuzaliwa ningekutajia, lakini halipo. Tutafika huko.

Jumatatu moja alipigiwa simu na mkuu wa kumbukumbu za hospitali, mwanamume mwenye kitambi na saini ndefu, ambaye wafanyakazi wanamwita Bwana Masjala. CV ya Digrii alikuwa nayo tangu mwaka juzi, kwenye lile faili la we will get back to you. Kilichomkumbusha si huruma. Kwenye benchi la korido yake alikuwa amekaa mama mmoja, wiki ya tatu sasa, na barua ya mahakama mkononi: kabla ya Ijumaa hospitali imwonyeshe kaburi la mwanawe, kijana aliyeokotwa barabarani, akafia wodini, akazikwa na hospitali bila ndugu kujua. Kumbukumbu za mochwari za miaka kumi na moja zilikuwa ndani ya kompyuta moja ya zamani, na mfumo wake ulikuwa umekufa. Kompyuta mpya zilikuwa zimeshaletwa, zinang'aa kama meno ya bandia, lakini hazikuweza kusoma hata herufi moja ya kule ndani.

"Binti yangu," alisema Bwana Masjala, "wewe ipige upya mfumo wake uleule wa zamani, tumtolee huyu mama namba ya kaburi, aondoke. Barua yako ya ajira iko mezani. Inasubiri saini tu."

Miaka minne. Hata ungeambiwa umpigie mswaki mamba, ungeuliza dawa ya meno iko wapi.

Alipofika hospitali, akipita koridoni, alimsalimia yule mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Nitafutie mwanangu, mwanangu." Akamwonyesha barua. Katikati yake, pale panapostahili kuwa na jina la marehemu, palikuwa na doa la mafuta lililopenya karatasi. Digrii akadhani ni la maandazi.

Mashine ilikuwa stoo, nyuma ya mochwari, boksi kubwa la rangi ya kucha zenye fangasi. Waya wake wa umeme ulikuwa umeviringishwa juu yake, haujachomekwa popote. Digrii akaweka kiganja juu ya boksi. Lilikuwa na joto. Si joto la jua. Lilikuwa joto la shavu la mgonjwa.

"Nani alikuwa anaitumia, mzee?"

"Hakuna. Mwaka mzima haijawashwa," akajibu mhudumu wa mochwari, Mzee Barafu, ambaye ndiye aliyekuwa akiingiza majina ya maiti humo kwa miaka yote hiyo.

"Mbona ya moto?"

"Mwanangu, mimi kazi yangu ni vitu vya baridi." Akacheka. Alicheka peke yake, na hakusogea karibu.

Digrii akafungua skrubu. Kifuniko kilipoachia, ilitoka pumzi. Ndiyo, pumzi, harufu ya jino lililooza, ile inayokupata mtu anapokupigia miayo usoni kwenye foleni. Ndani hamkuwa na vumbi. Mlikuwa na utando wa njano, wa mafutamafuta, uliovutika kama kamasi kila alipoinua waya. Kwenye feni zilijisokota nywele, ndefu na fupi, nyeusi na za mvi. Alipong'oa vibonye vya kibodi ili avisafishe, chini ya kila herufi alikuta kipande cha kucha kimelala kama mwezi mwandamo. Alisugua kwa spiriti na mswaki. Akatapika kwenye sinki, akanawa, akaendelea. CV haina sehemu ya kuandika kutapika, lakini experience ni experience.

Flopi za mfumo zilikuwa kumi na tatu, kila moja na lebo iliyoandikwa kwa kalamu. Akaingiza ya kwanza. Flopi za zamani zinakoroma kidogo zikisomwa, anayezijua anajua. Hii ilitafunwa. Ilitafunwa polepole, upande mmoja wa mdomo, kama mzee anayetafuna kwa gego moja lililobaki. Ilipotoka ilikuwa imelowa, na lebo yake imelambwa, wino wote umekwenda. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ikatoka na uzi wa ute ulionyooka hadi kwenye mwanya, ukakatika, ukamrukia kwenye mdomo wa chini. Ya tano ikakwama. Hapo ndipo alipotia kidole.

Alipiga ukelele akaruka hadi mlangoni. Mzee Barafu alikuwa koridoni, akitazama sakafu.

"Mzee, humo ndani mna kitu."

"Kimekung'ata?"

"Kimenilamba!"

"Basi bado kinaonja," alisema kwa sauti ya chini. "Maliza, mwanangu, uondoke. Usikipe jina lolote."

Ungekuwa wewe ungekimbia. Yeye alimfikiria yule mama wa benchi, akafikiria na barua iliyokuwa mezani, akarudi. Tusiwacheke watu wanaorudi. Hujakaa miaka minne.

Flopi ya kumi na tatu ilipoisha, kioo kikawa cha buluu, kikauliza kile ambacho mifumo yote ya zamani humuuliza mtu siku ya kwanza: NAME. Jina la mtumiaji. Digrii akaandika HOSPITALI. Mfumo ule ulitengenezwa ng'ambo, wakati yeye yuko chekechea. Haukufundishwa Kiswahili hata neno moja. Ukajibu:

HILO SI LA MTU.

Akaandika jina la kubuni, la kwanza lililomjia.

HILO HALINA NYAMA.

Akatoka mbio, akamshika Mzee Barafu mkono. "Mzee, niambie ukweli. Mlikuwa mnaifanyia nini hii mashine?"

Mzee alijikalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Ile programu ina nafasi mia tatu tu," alisema. "Zilipojaa, nikamwambia mkuu. Akasema, andika juu ya wale wasio na ndugu, nani atauliza? Nikaandika jina jipya juu ya jina la marehemu mmoja. Mashine ikapiga mbweu. Mbweu kabisa, mwanangu, yenye harufu. Tukacheka! Na siku hiyo haikukwama hata mara moja. Kesho yake ikakwama asubuhi nzima. Nikafuta jina lingine, ikaenda kama maji. Basi ikawa ndiyo desturi. Tukifika kazini, kabla ya lolote, jina moja. Tuliita chai ya mashine. 'Barafu, umeipa chai?' 'Nimeipa, mkuu.' Hata nafasi zilipokuwepo, tuliipa."

"Miaka kumi na moja?"

"Kila asubuhi. Mwaka jana zilipoletwa kompyuta mpya tukaacha, ndipo mfumo ukafa. Ukafa kwa njaa."

"Kumbe mmefuga jini."

"Jini angekuja mwenyewe tungemwita shehe au padri. Huyu tumemlea."

Walikuwa bado wanazungumza waliposikia vibonye. Stoo ilikuwa na mlango wa pili, kutokea ofisini kwa Bwana Masjala.

Alikuwa amesimama mbele ya kioo, leso imebana pua, mkono mmoja umeshika CV ya Digrii, mwingine unadonoa herufi kwa kidole kimoja, taratibu, kama kuku. "Mkuu, usi—" alianza Mzee Barafu, na Bwana Masjala akabonyeza cha mwisho huku akisema, "Si anataka kazi? Kila kazi ina usajili," na Digrii, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka kwenye meza, akahisi kitu kimempanda kinywani kutoka tumboni kwake mwenyewe, chenye ladha ya sarafu na mafuta ya samaki, kikampapasa ufizi hadi ufizi, kikalifikia lile jina alilopewa na bibi yake, lile aliloitwa akioga karaini, lililosomwa kwa kipaza sauti siku ya mahafali mama yake akipiga vigelegele hadi kiatu kikamtoka, kikalinyonya kutoka kwenye shina la ulimi kama unavyonyonya uroto kwenye mfupa, kwa mvumo, bila haraka, kikatafuta na masalio kwenye mapengo ya meno, na mashine ikacheua, na utando wa njano ukabubujika kwenye mwanya wa flopi ukadondoka juu ya viatu vya Bwana Masjala, na kioo kikaandika: ASANTE.

Mfumo ukawaka safi. Hakuna kompyuta mpya iliyowahi kuwaka haraka hivyo.

Digrii alikuwa amepiga magoti. Simu yake ikalia mfukoni: Mama. Akaipokea akilia.

"Haloo? Mama!"

"Haloo, samahani," sauti ya mama yake ilisema, kwa ile adabu tunayowawekea wageni. "Nimeikuta namba hii kwenye simu yangu, sijui ya nani. Naongea na nani?"

Akafungua mdomo ajitaje. Kilichotoka ni mate.

Sasa, mtu mwingine angelala pale sakafuni. Yeye alijifuta, akamsukuma Bwana Masjala kwa kiwiko, akaketi. Mashine ilikuwa imeshiba, na ikishiba inakubali lolote. Akafungua kumbukumbu, akamwita mama wa benchi. Majina yaliyofutwa hayakuwepo. Lakini Mzee Barafu, miaka yote hiyo, alifuta majina tu. Kwenye maelezo, alama za mwili aliziacha, mstari juu ya mstari. "Jina nililifuta," alisema, "alama nilishindwa. Niliwaosha kwa mikono yangu."

Digrii akasoma kwa sauti, alama baada ya alama, saa nzima. Kovu la upasuaji. Sikio lililotobolewa. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakina kucha; shati la kijani, limeshonwa kwapani kwa uzi mwekundu.

"Uzi mwekundu," alisema yule mama. "Niliushona mimi. Mweusi ulikuwa umeniishia."

Safu ya nne, kaburi la sitini na moja. Mama akaiandika namba hiyo kiganjani. Kisha akainua uso amwite mwanawe, mara moja tu, kama mtu anavyolia kwa jina. Midomo yake ikahangaika. Akatazama barua, lile doa. "Jamani," alinong'ona, "mwanangu alikuwa anaitwa nani?"

Ijumaa Digrii alipewa barua yake ya ajira. Ilianza na "Ndugu", ikafuata tundu lenye unyevu. Ofisi ya mishahara ikasema haiwezi kumsajili mtu asiye na jina, we will get back to you. Cheti ukutani kina tundu hilohilo. Mama yake humfungulia mlango, humpa chakula, kisha humuuliza kwa upole, "Umetumwa na nani, binti?"

Na wao wa hospitali? Mfumo ulipofufuka tu, wamenakili kila kitu kutoka mashine ya zamani kwenda kwenye zile mpya. Kila kitu. Mpya hazina kikomo cha mia tatu. Zina nafasi ya kumeza mji mzima. Juzi karani wa mapokezi alilalamika kwamba kibodi inanata, na kwamba kompyuta yake inanuka mdomo.

Basi wewe Bwana Masjala, na wewe uliye juu yake uliyepokea taarifa miaka yote hiyo ukaweka saini bila kusoma: zimeni hizo mashine. Nendeni makaburini, safu kwa safu, na daftari la karatasi na Mzee Barafu, mkawatafute ndugu za hao marehemu kwa kovu, kwa kucha, kwa uzi. Mkishindwa, kesho asubuhi mtakapofika kazini zitadai chai. Msimguse mgonjwa. Msimguse mtoto wa mtu aliyeleta CV. Ketini, vueni leso puani, muandike ya kwenu. Yote matatu: lako, la baba, la babu.