Wimbo wa Ishirini na Moja

Naomba radhi, lakini habari yenyewe inaanzia chooni. Nilikuwa nimejifungia katika choo cha wafanyakazi wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Kingsbury, saa mbili na nusu asubuhi, simu mkononi na visikilizio masikioni, nikichagua nyimbo za kutisha za sherehe ya Halowini, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambayo Waingereza huchonga maboga na kujifanya wanaogopa mizimu. Sisikii kitu. Nikaongeza sauti. Sisikii. Nikaongeza mpaka mwisho, na kwa kuwa wimbo mmoja nimeuhifadhi tangu utotoni, nikauimba mwenyewe, kwa madaha.

Nilipotoka, wazee kumi na saba walikuwa wameacha uji wananitazama. Simu ilikuwa imejiunga na spika ya chumba cha kulia. Walikuwa wamesikia mbwa mwitu, minyororo, mwanamke akipiga ukelele, na mimi nikiitikia kutoka chooni.

"Mzee Shaame," akasema Teresia, meneja wetu, Mkenya asiyecheka kabla ya saa nne, "umemaliza? Ama kuna ingine?"

Nina miaka hamsini na minne. Nimepika Muskat, nimefagia meli Piraeus, nimefukuzwa kazi katika nchi nne, na siku hizi nakula bila chumvi, wenzangu hunisifu kwa kutunza presha. Mimi na aibu tumezoeana. Ningecheka nao wote, lau si Bibi Damyanti.

Bibi Damyanti alizaliwa Wete, Pemba, kwa baba muuza vitambaa, akaja huku mwaka sitini na nne na sanduku moja. Tangu kiharusi cha mwaka jana hakuwa amesema neno. Sasa alikuwa amekaa wima, kijiko hewani, midomo ikicheza. Alikuwa akiitikia wimbo.

Na wimbo ulikuwa umeshakwisha.

Niseme ukweli kuhusu wimbo huo. Teresia aliniomba nyimbo ishirini tu, za kinanda cha kanisa, milango inayolia na vicheko vya wachawi. Wa ishirini na moja niliuongeza mimi, kwa kujionyesha. Nilijiambia, hawa wana popo wa plastiki, ngoja wasikie vitu vyenyewe. Ni ngoma ya kumpandisha pepo, niliyoirekodi kwa kaseti mwaka themanini na sita uani kwa bibi yangu, baadaye nikaihamishia kwenye simu. Upande wa kwanza ni wa kumwita. Upande wa pili ulikuwa wa kumuaga, na huo niliufuta mwenyewe nilipokuwa kijana, nikarekodi juu yake mpira wa redio. Tulifungwa mbili bila.

Alasiri ile ile ikaja harufu. Ilikuwa ya ngozi ya ngoma inayopashwa moto kwa makuti ili ikaze. Kingsbury hakuna harufu hiyo. Huku kunanuka giligilani na moshi wa mabasi. Kengele ya moshi ikalia, tukawatoa wazee wote hadi kwenye maegesho, mvua inanyesha, mablanketi vichwani. Wazima moto wakakagua kila chumba, hawakuona hata mkate ulioungua.

Nikaufuta ule wimbo. Kesho yake orodha ilikuwa bado na nyimbo ishirini na moja. Nikaufuta tena, ukarudi. Siku ya tatu nikaufungua, safari hii nikihakikisha visikilizio mara nne. Ule wimbo ulikuwa wa dakika sita. Sasa ulikuwa wa dakika tisa. Na katika zile tatu za ziada, nyuma ya ngoma ya uani kwa bibi yangu, vilisikika vijiko vya uji, kisha mlango wa choo ukifunguliwa.

Siku hiyohiyo Bibi Damyanti akasema.

Mwanawe, Chandrakant, ana duka la dawa Harrow na huja kila siku saa tisa alasiri. Mwaka mzima alikuwa akimsomea mama yake magazeti bila kujibiwa. Nilikuwa naingia na trei ya chai nilipomsikia mama akimwita: "Chandu." Jina la utotoni. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane akalia mpaka miwani ikamdondoka.

Nami ningelia naye. Ila sauti ile ilikuwa changa, ya adabu, ina kicheko kilichofichwa ndani, na ilipomaliza naye ikanigeukia mimi, kwa Kipemba cha watu waliokwisha kufa.

"Nani kaniita? Nimekuja, sioni ubani, sioni mwenyeji. Ndivyo mnavyopokea wageni?"

Trei ikanitoka.

Kuanzia hapo alikula sahani tatu kila mlo, zisizo na chumvi. Yenye chumvi aliitema mezani. Na kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda. Kilo sita kwa siku tisa. Daktari alipima damu mara mbili, hakuona ugonjwa. Chandrakant yeye hakutazama mizani. Alikuwa akiitwa jina lake.

"Dada Teresia," nilimnong'oneza stoo, kati ya nepi na sabuni, "huyu anayesema si Bibi Damyanti."

"Usiniletee hayo. Mimi nimeokoka." Akafunga mlango kwa kisigino. "Lakini jana nikimbadilishia shuka aliniambia jina la mtoto wangu. Yule niliyemzika. Hakuna mtu hapa anajua hilo jina, Shaame. Hakuna. Ni wewe uliwasha hiyo kitu. Uizime."

Nikampigia shangazi yangu, Bi Mize, aliye Wete, ambaye aliirithi kazi ya bibi ya kuwapandisha na kuwaaga mapepo.

"Shangazi, niliupiga ule wimbo wa kaseti."

"Ubani ulifukiza?"

"Nilikuwa chooni."

Nikasikia kuku wake wakilia. "Na kinywa cha nani kilikuwa kitupu hapo?"

Nikamweleza.

"Basi nisikilize, na usifanye mzaha wako. Aliyeita ndiye kiti chake. Asipojitaja, mgeni humkalia aliye karibu, akammaliza, kisha akahamia kwa mwingine. Huhama kwa kushikwa mkono. Kumuaga nitamuaga mie, hata kwa simu. Lakini kwanza nijue. Kaitwa na nani?"

"Na mashine, shangazi. Ilijiunga yenyewe."

"Shaame."

"Naam."

"Mashine ina mama?"

Nilikuwa nimeshaelewa kwamba ni mimi wa kujitaja, sitajifanya sikuelewa. Nikasema tu Ijumaa saa tisa, kwenye sherehe, spika itakuwepo.

Ijumaa ikawa siku ya maboga. Wazee walivikwa kofia za wachawi, mzee mmoja aliyewahi kuendesha basi akavaa shuka akawa mzimu. Nje mwanga ulikuwa umeanza kufifia. Nyimbo zikaenda vizuri, kinanda, milango, vicheko, na watu wakapiga makofi. Chandrakant alikuwa kwenye kiti pembeni ya mama yake, nikamwinamia sikioni nikamwambia kila kitu.

"Mwaka mzima," akanijibu taratibu, kwa Kiswahili chake cha jikoni cha kufundishwa na mama. "Mwaka mzima hapana sikia jina yangu. Sasa wewe taka yeye nyamaza?"

"Mtazame shingo, ndugu yangu. Mtazame mikono."

Akatazama. Ndipo mama akamwambia, kwa upole wote wa dunia: "Chandu, una kifua kipana wewe. Hiki nilichokalia kimechakaa. Nipe mkono."

Nikaunganisha simu kwenye spika, na Bi Mize akaanza kuaga kutoka Wete, bila ngoma, sauti yake kavu tu, na wazee wakadhani ni wimbo mwingine wa sherehe wakawa wanatikisa vichwa, huku harufu ya ngozi iliyopashwa moto ikipanda mpaka macho yakaniwasha, taa za maboga zikainama upande mmoja zote kwa pamoja bila upepo, na nyuma ya sauti ya shangazi, ndani ya spika ileile, nikaanza kusikia uani kwa bibi yangu, nyayo za wanawake wakizunguka, mtu akikohoa ambaye nilimzika mwenyewe, na kati yao sauti changa, yenye adabu, ikiuliza na kuuliza tena, nani kaniita, nani kaniita, na mkono wa Bibi Damyanti, mwembamba kama mwiko, ukitambaa juu ya blanketi kuelekea mkono wa mwanawe, ambaye alikuwa akiutazama huku analia, anajua, na bado hauondoi wake, kwa sababu ni mkono wa mama.

"Kaitwa na nani?" akauliza Bi Mize kwenye spika.

Teresia alikuwa mlangoni, rozari ya rafiki yake Mkatoliki mkononi, yeye aliyeokoka.

Vidole vilikuwa vimebakisha upana wa kijiko.

"Na mimi!" nikapiga kelele, nikiwa na masikio ya paka ya karatasi kichwani. "Mimi Shaame bin Faki ndiye niliyemwita! Nilimwita kwa kujionyesha!"

Ule mkono ukaanguka. Taa za maboga zikasimama wima. Bi Mize akaimba mstari wa mwisho, mfupi, kisha simu ikakatika.

Nilingoja kuanguka. Sikuanguka. Nilijisikia mwepesi, mzima, nina njaa kidogo. Nikacheka, wengine wakacheka nami, nikafikiri, alhamdulillahi, kumbe kaagwa kweli, kaenda zake. Chandrakant alikuwa ameinama magotini pa mama yake, mabega yakitikisika, nami nikanyoosha mkono nimwinue.

"Bibi Damyanti," nikanong'ona, "ameondoka?"

Akafumbua macho. Akanitazama usoni, kisha mkono wangu, na akajibu kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya ulimi uliopooza, ile ambayo mwanawe alikuwa ameingoja mwaka mzima:

"Kwangu katoka. Wewe usimguse mwanangu."