Magauni Meupe na Siku ya Rangi

Kwa Mama Pasi, nyeupe ilikuwa nyeupe kweli. Siyo ile ya kusema itafaa hivyo hivyo. Dobi huyu alifua, akasuuza mara tatu, akaanika uani, kisha akapiga pasi mpaka mikunjo ikawa mikali kama wembe. Ndiyo maana wakamwita Mama Pasi. Wengine walisema ni kwa sababu ulimi wake nao ni wa moto.

Siku hiyo kambani kulikuwa na magauni ishirini na manne ya wauguzi wanafunzi. Kesho yake asubuhi wangeyavaa kula kiapo mbele ya wazazi wao.

Mama Pasi aliingia ndani mara moja tu. Huko juu akasikia ngoma, vicheko na mbio. Alipotoka, akashika kichwa.

Pinki. Njano. Kijani. Poda ya rangi ilikuwa inashuka kutoka ghorofa ya pili, inatua juu ya magauni taratibu, kama haina habari.

Hakufikiri. Alinyakua magauni matatu, akayatumbukiza kwenye maji yanayochemka, akasugua kwa nguvu zote. Kadiri alivyosugua, ndivyo rangi ilivyokolea. Yakatoka ya pinki kuanzia kola hadi pindo.

Hapo hasira ikampanda mpaka utosini. Akayabeba yakichuruzika, akapanda ngazi.

Katikati ya ngazi akakutana na mumewe, aliyemtuma sabuni tangu asubuhi. Masharubu yake yalikuwa ya kijani.

"Mke wangu, usikasirike," mume akasema. "Leo ni Holi. Sikukuu ya Wahindu. Nilikuwa napita tu, wakanikaribisha."

"Sabuni yangu iko wapi?"

Mume akatazama viatu vyake. Navyo vilikuwa na rangi.

Mama Pasi akampita, akagonga mlango wa juu kwa ngumi. Akafungua jirani yake, mama mtu mzima, fundi wa kutia vitambaa rangi. Kwa miaka sita wa juu alitia rangi, wa chini akaitoa, na kati yao hakukuwa na zaidi ya salamu za ngazini.

Nyuma ya yule mama alisimama mkwe wake, mume wa binti yake, fundi cherehani, bakuli la poda mkononi.

"Usikasirike, dada!" mkwe akacheka. "Leo ni Holi!"

"Neno hilo tena! Nani kawaambia hasira yangu iko likizo?" Mama Pasi akamtupia magauni miguuni. "Kuna watoto wa watu wanakula kiapo kesho! Wavae haya?"

Kicheko kikakatika. Mtia rangi akayaokota. Akamgeukia mkwe, naye macho yamemwiva.

"Umerushia poda kambani? 'Usikasirike, leo ni Holi' anaambiwa mtu aliyekubali kucheza. Nguo za watu zilikubali lini?"

"Mama, sikuona..."

"Hukutazama!"

"Na wewe usijifiche nyuma yake," Mama Pasi akamkatiza mtia rangi. "Miaka sita mnacheza juu ya kichwa changu. Umewahi kuniambia ni siku gani?"

"Na wewe umewahi kuuliza? Nikipita, unafunga mlango."

"Nafunga kwa sababu ya vumbi!"

"Ningejuaje kuwa vumbi si mimi?"

Mtia rangi akabonyeza kitambaa.

"Ulitumia maji gani?"

"Ya moto. Kwani?"

"Damu ya hospitali unaifua kwa maji gani?"

"Baridi. Maji moto yanaigandisha..." Mama Pasi akayatazama yale matatu ya pinki. Kazi ya miaka kumi na tisa, na hasira imemsahaulisha. Sasa akajikasirikia mwenyewe.

"Rangi hii nayo ni hivyo," mtia rangi akasema. "Yaliyobaki, kung'uteni yakiwa makavu. Kisha maji baridi mengi. Sabuni mwisho. Haya, wote uani!"

Wakashuka wote, ngoma ikabaki juu. Wakakung'uta, wakasuuza. Mama Pasi aliwafokea kila mmoja: "Usikunje! Usisugue! Kwenu hakuna maji?" Mumewe akaenda kununua sabuni, safari hii mbio.

"Sikukuu yenyewe ni ya nini?" Mama Pasi akauliza, uso bado umekunjwa.

"Tunapokea majira mapya. Mnapakana rangi mpaka tajiri na maskini wanafanana. Waliokosana wanapatana."

"Sisi hatukukosana."

"Hatukuwahi hata kujuana, jirani. Ni afadhali kukosana."

Magauni ishirini na moja yakarudi meupe. Mtia rangi akatoa kitambaa cheupe ambacho hakijatiwa rangi, na mkwe akashona mengine matatu kabla ya magharibi. Mama Pasi alisimama nyuma yake, akimhesabia mishono. Asubuhi wauguzi walikula kiapo, wote wa rangi moja.

Mwaka uliofuata, mtia rangi alishuka wiki moja kabla kumwambia siku, maana Holi hufuata mwezi wa angani. Mama Pasi akaondoa nguo zote kambani. Siku ilipofika akapanda ngazi, amevaa moja la yale magauni ya pinki.

"Ruhusa, mama?"

"Ruhusa, mwanangu."

Akampaka mashavu yote mawili. Kisha akamwona mkwe, shati jipya, jeupe pe.

"Ruhusa, shemeji?"

"Ruhusa, dada." Mkwe akainamisha shavu. Hakujua ameruhusu bakuli zima.

"Usikasirike," Mama Pasi akamwambia, akimkung'uta poda masikioni. "Na shati ulifue kwa maji baridi. Mwenyewe."