Mstari wa Chini wa Ubao

Tangu Mwandu ajue kusoma, nyumba yake haikuwa na utulivu.

Alisoma kila kitu. Alisoma karatasi ya sabuni. Alisoma maandishi ya gunia la mbolea. Alisoma kalenda ya mwaka uliopita mpaka mke wake, Kabula, akaigeuza ikatazama ukuta.

"Baba Minza," Kabula alisema, "Desemba hiyo imekwisha. Iache ipumzike."

Wote wawili walisoma darasa la watu wazima kijijini kwao, karibu na Kasansa. Walikaa dawati moja. Mwandu alisoma mbio mbio, kama mtu anayefukuzwa. Kabula alisoma polepole. Kidole chake kilifuata neno kwa neno, na hakukiinua kabla ya kufika kwenye nukta. Mwandu alimcheka sana kwa hilo.

"Mama Minza, wewe ukiletewa barua ya msiba, matanga yataisha hujafika kwenye jina la marehemu," alimwambia.

Kabula alicheka naye, kisha akaendelea na kidole chake.

Walikuwa wamehamia Mpimbwe na ng'ombe wao miaka minane nyuma, kutoka Maswa. Mpunga uliwakubali. Lakini mwaka huo wa 1996 plau yao iligonga kisiki na kupasuka. Fundi aliichomelea mara mbili. Mara ya tatu aliitazama, akaitazama tena, akawarudishia. "Hii sasa fungieni mbuzi," alisema.

Mvua zilikuwa zinakaribia. Shamba lilikuwa ekari sita. Kwa jembe la mkono wasingemaliza hata mbili. Walihitaji plau mpya, na plau mpya dukani Usevya iliuzwa shilingi elfu hamsini na tano. Basi wakakubaliana wamuuze Mabala.

Mabala alikuwa dume mkubwa mwenye mabaka. Alikuwa mnene kwa sababu hakuwahi kufanya kazi. Ukimfunga nira alilala chini akacheua. Ukimvuta alikutazama tu. Hakuna aliyemlilia.

"Usimtoe chini ya bei ya plau," Kabula alisema. "Na umpeleke mnadani, siyo porini kwa walanguzi."

"Mnadani kuna ushuru," Mwandu akanung'unika.

Kinyongo chake kilikuwa na sababu. Mwaka uliopita alipeleka mtamba mnadani. Siku hizo muuzaji ndiye aliyelipa ushuru, tena alilipa getini, kabla hajajua kama atauza. Mtamba hakupata mnunuzi. Mwandu akarudi naye nyumbani, na pesa yake ikabaki getini. Mwezi uliofuata akalipa tena kwa mtamba yule yule. "Nilimlipia matembezi," alipenda kusema.

Mnada ulikuwa kila tarehe ishirini. Siku ilipofika, Mwandu alitangulia asubuhi na Mabala. Kabula alibaki kukaanga karanga za kuuza, kisha amfuate.

Kwenye njia panda, karibu na mnada, Mwandu aliona ubao mpya. Moyo wake ulifurahi. Ubao mpya ni kitu kipya cha kusoma. Mstari wa juu ulikuwa na herufi kubwa nyekundu. Ulisema hivi:

USHURU JUU

Furaha ikamwisha papo hapo. Chini yake kulikuwa na maneno mengine, madogo na membamba, maana aliyeandika ubao alikuwa karibu kuishiwa rangi. Mwandu hakuyatazama. Alikwishapata habari yake.

Nyuma yake walifika wafugaji wanne. Mmoja alikuwa Machibya, jirani yake wa ng'ambo ya mto. Wote wanne hawakujua kusoma.

"Mwandu, wewe ndiye msomi wetu," Machibya alisema. "Ubao unasemaje?"

"Unasema ushuru uko juu. Wameupandisha."

Hakuna aliyeuliza umepanda kwa shilingi ngapi. Mtu amesoma, nani atabisha? Waligeuza ng'ombe wao wote, wakashika njia ya porini. Mwandu alikuwa mbele, akiwaongoza.

Huko porini, nyuma ya kijito, alikaa mlanguzi mmoja jina lake Alois. Kila siku ya mnada alikuja na baiskeli na kununua ng'ombe wa wale waliokwepa geti. Hakuandika risiti. Hakuwa na mshindani pia, na ndiyo maana alipapenda mahali pale.

"Karibuni wazee wangu," Alois alisema. "Huku hakuna geti wala karani. Dume hilo nakupa elfu arobaini."

"Ongeza," Mwandu alisema.

"Basi arobaini na tano, kwa sababu ni wewe. Au rudi kule kwenye ushuru."

Mwandu alijikuna kichwa. Elfu arobaini na tano si plau. Lakini kama ushuru umepanda sana, huenda mnadani angepata pungufu ya hiyo. Alijiona amebanwa, na alimkasirikia aliyeandika ubao.

"Haya," alisema kwa shingo upande. "Mchukue."

Alois alishika kamba akavuta. Mabala akalala chini. Alois alivuta tena, akamsukuma, akampiga makofi mgongoni. Mabala alianza kucheua. Wafugaji walicheka, na Alois alikuwa bado anatokwa jasho pale Kabula alipotokea kichakani, kikapu cha karanga kichwani. Hakumkuta mumewe mnadani, akarudi njia panda na kufuata nyayo za ng'ombe.

"Baba Minza, unafanya nini huku?"

"Ushuru umepanda. Nimesoma mwenyewe kwenye ubao."

"Umesoma mistari mingapi?"

"Mmoja," Mwandu alisema.

"Iko mitatu. Mimi nimesimama pale mpaka watu wakadhani nimepotea. Ubao unasema, Ushuru juu ya mnunuzi. Halafu chini kabisa, Muuzaji halipi."

Kilichosikika porini ni Mabala peke yake, akitafuna.

"Mama, sisi tumeshapatana," Alois alisema haraka.

"Umeshatoa hela?"

"Bado, lakini..."

"Basi hamjapatana. Naomba kamba ya ng'ombe wetu."

Uso wa Mwandu uliwaka. Aliona haya mbele ya mke wake, na zaidi mbele ya wale wanne aliowapotosha. Angeweza kuondoka kimya na kuwaacha wauze. Alois alikuwa tayari anamsogelea Machibya. Lakini Mwandu hakuwa mtu wa namna hiyo.

"Jamani, nyie msiuze," alisema. "Kosa ni langu. Ubao haukusema ushuru umepanda. Nilisoma nusu, nikawaleta huku na nusu yangu."

Machibya alicheka mpaka akashika magoti. "Kumbe msomi wetu ni wa mstari mmoja," alisema. Wakarudi wote. Mabala naye aliinuka mwenyewe, bila kuvutwa.

Getini alikaa Paskalia, karani wa mnada. Alikuwa jirani yao pia, mwenyeji wa Mpimbwe. Aliposikia mkasa huo alicheka na kuwapisha.

"Piteni. Hapa hamlipi kitu," alisema. "Kamati ya mnada ilibadilisha utaratibu. Zamani tuliwatoza nyie mkiingia, muuze msiuze. Watu wakakimbilia porini. Sasa tunamtoza mnunuzi, tena ng'ombe akishauzwa. Asipouzwa, halipi mtu."

"Kwa hiyo leo mnunuzi ndiye anaumia," Mwandu alisema, akifurahi.

"Usishangilie mapema, baba Minza. Nenda ukasikie bei, halafu uje."

Mwandu alimfunga Mabala kwenye uwanja. Mara akafika Cletus, mwenye bucha kutoka Mpanda mjini. Alimpapasa Mabala, akaangalia meno yake.

"Dume zuri," Cletus alisema. "Ningekupa hamsini na tano. Lakini siku hizi ushuru nalipa mimi, elfu moja. Kwa hiyo nakupa hamsini na nne."

Mwandu alirudi getini amefura.

"Paskalia, mmetudanganya. Ushuru ule ule umerudi kwangu kwa mlango wa nyuma."

"Ndiyo maana nikasema usishangilie," Paskalia alisema. "Tazama. Watu wawili wakibeba mzigo kwenye mti mabegani, wa mbele ndiye anaonekana. Wa nyuma hana bega? Ushuru nao ni hivyo. Anayenipa pesa mkononi ni mnunuzi, lakini atajaribu kukusukumia wewe uzito. Zamani wewe ulikuwa unalipa, nawe ulipandisha bei ili umsukumie yeye."

"Sasa mabadiliko yana faida gani?"

"Zipo. Kwanza, humlipii tena ng'ombe matembezi. Pili, mnunuzi hawezi kusafirisha ng'ombe bila risiti yangu, kwa hiyo hakwepi. Na zile pesa ndizo zinajenga josho lenu la kuogeshea ng'ombe. Porini mlikuwa mnajenga nini?"

"Na ule uzito?" Kabula aliuliza. "Tutauzuiaje usituangukie wote?"

"Swali zuri, mama Minza. Mkiwa na mnunuzi mmoja, atawaangushia wote. Wakiwa wengi, kila mmoja anaogopa mwenzake. Msikubali bei ya pembeni. Ngojeni dalali apige mnada, watu wote wasikie. Na kabla hajaanza, semeni wazi kwamba bei itakayotajwa ni yenu yote, ushuru uko mbali."

Walifanya hivyo. Zamu ya Mabala ilipofika, Mwandu alisema kwa sauti: "Bei ni ya ng'ombe peke yake. Ushuru mnunuzi atalipa kwa karani."

"Hamsini na nne," Cletus alianza.

"Hamsini na sita," alisema mnunuzi mwingine, Fabiani, aliyekuwa na lori.

Cletus alimtazama vibaya. "Hamsini na nane. Na ushuru bado nalipa mimi, mjue. Hela nilete mimi, na geti nilipie mimi."

"Umelazimishwa?" Fabiani aliuliza. "Sitini."

Watu walicheka. Cletus alikuna kidevu. Alimtazama Mabala, akaona mafuta yale yote ambayo hayakuwahi kuvuta plau.

"Sitini na mbili," alisema.

Fabiani akatikisa kichwa. Dalali alihesabu mpaka tatu, kisha akapiga fimbo chini. Cletus alimlipa Mwandu, akaenda kwa Paskalia kulipa ushuru na kuchukua risiti yake. Alinung'unika njia nzima, lakini alilipa. Machibya na wenzake nao waliuza siku ile, na hakuna aliyerudi porini.

Siku ya pili plau mpya ilikuwa nyumbani. Pesa zilizobaki zilinunua mbegu na kitenge cha Kabula. Kitenge hicho Mwandu alikichagua mwenyewe, bila kuambiwa. Mvua zilipofika, ekari zote sita zililimwa, na kwa mara ya kwanza walimaliza kabla ya majirani. Ng'ombe wao wawili wa kazi walivuta bila matata, maana hapakuwa na Mabala wa kuwafundisha uvivu.

Darasani, Mwandu alianza kutumia kidole. Kabula aliona, akauma midomo ili asicheke.

Mwezi uliofuata, tarehe ishirini, palikuwa na tangazo jipya limebandikwa getini. Wafugaji kama kumi walikuwa wamesimama hapo, na Machibya akiwa mbele yao. Walipomwona Mwandu walimpisha.

"Msomi wetu amefika," Machibya alisema. "Haya, linasemaje?"

Mwandu aliweka kidole kwenye neno la kwanza. Kikasogea polepole, mstari wa kwanza, mstari wa pili, mstari wa tatu. Jua lilipanda. Ng'ombe mmoja alilia. Watu walianza kukohoa na kubadilisha miguu.

"Mwandu, bwana. Linasemaje?"

"Ngojeni," Mwandu alisema, bila kuinua kidole. "Bado sijafika kwenye nukta."