Majembe ya Fidia

Zama zile pembe za ndovu zilipokuwa zikiteremka pwani mabegani mwa watu, na baruti ikipanda bara kwa njia ile ile, palikuwa na nchi ndogo ya wafua chuma ikiitwa Ukuvya. Msihangaike kuitafuta leo. Ilikuwa na vilima vitatu vya mawe mekundu, mto mmoja, boma moja la miti na udongo, na tanuri thelathini na tano. Watu wake hawakujua kuuza watu wala kuwinda ndovu. Walijua jembe. Jembe la Ukuvya lilioa mke, lililipa kosa, lilinunua ng'ombe, na hata mwendo wa siku ishirini kutoka pale watu waliliulizia kwa jina.

Tena walikuwa na desturi moja iliyowachekesha wageni. Kule kila mtu alilima. Mvua za kwanza zikinyesha, mtemi mwenyewe alivua kombe la bahari alilovaa shingoni, alama ya enzi yake, akashika jembe, akakata tuta la kwanza mbele ya watu, jasho likimtoka kama mtu yeyote. Mtu anayekula bila kushika jembe, Wakuvya hawakuwa hata na jina la kumwita. Ishikeni hiyo desturi, maana ndiyo iliyowaponza.

Mkuu wa tanuri zote alikuwa Lugwisha, mtu mfupi, mkali, mikono yake imejaa makovu ya moto. Mkewe alikuwa amekufa zamani, akamwachia binti mmoja tu, Milembe. Mwanamke hakuruhusiwa kusogelea tanuri, lakini majembe yakishapoa, Milembe ndiye aliyeyasugua kwa mchanga na kuyafunga kumikumi kwa kamba za magome. Baba yake aligonga alama kwenye shina la kila jembe, mistari mitatu iliyokutana kama unyayo wa kanga. Milembe aliijua alama hiyo hata kwa kupapasa.

Basi kiangazi cha mwaka huo akaja Sagamba, mtemi wa Unyandeko. Msiniulize kisa, kwa sababu hakikuwapo. Hapakuwa na ng'ombe aliyeibwa wala mjumbe aliyetukanwa. Alikuwa na bunduki za gumegume mia sita na vijana wenye vilemba vyekundu wasiojua kazi nyingine, na bunduki zikikaa bure vijana huanza kumtazama vibaya bwana wao. Akalizingira boma siku kumi na tisa. Wakuvya wakapigana kwa mikuki na mawe ya moto, wakawaua watu themanini na wawili chini ya kuta zao. Siku ya ishirini lango likavunjika. Mtemi wa Ukuvya akauawa palepale langoni, maghala yakachomwa, na wasichana arobaini wakafungwa shingo kwa shingo wakapelekwa Unyandeko. Milembe alikuwa wa sita kutoka mwisho wa mnyororo.

Siku tatu baadaye akaja mjumbe. Aliitwa Lubinza, mtu mnene mwenye sauti ya upole, amejifunga shuka jipya la merikani na kubeba kwapani furushi la vijiti. Wenyeji walikuwa wameketi uwanjani, mtama ulioungua bado unafuka moshi. Mbele yao alikaa Nyanzobe, dada wa marehemu mtemi, aliyekuwa ameshika nchi kwa siku mbili tu.

"Mtemi Sagamba anawasalimu," akanena Lubinza. "Anawapa pole kwa msiba. Ila vita hii imemtia hasara kubwa, naye anaomba mumrudishie gharama zake."

Bibi kizee mmoja akacheka kwa sauti. Maskini, alidhani ni mzaha.

Lubinza akafungua furushi, akaanza kupanga vijiti mavumbini, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayetandika mkeka kwa ajili ya wageni. "Hivi ni vya baruti. Hivi ni risasi. Hivi ni ng'ombe waliochinjwa kulisha askari siku kumi na tisa. Na hivi themanini na viwili ni watu wake waliokufa kwenye kuta zenu. Mngefungua lango siku ya kwanza, wangekuwa hai. Ninyi ndio mlioirefusha vita."

"Ala!" Luhende akaruka juu. Huyo alikuwa mkuu wa mikuki wa Ukuvya, kichwa chake kimefungwa kitambaa chenye damu. "Mtu avunje mlango wangu usiku na mchana, aue ndugu yangu, kisha nimlipie shoka lililokatika?"

"Ndivyo," akasema Lubinza. "Umelisema vizuri kuliko mimi."

Lugwisha hakuinuka. Aliuliza palepale alipokaa, "Na risasi iliyomuua mtemi wetu, imo katika hivyo vijiti?"

"Imo. Zilipigwa tatu. Mbili zilimkosa. Zote zimehesabiwa."

Lubinza akakusanya vijiti vyake, akataja jumla yake: majembe elfu tatu, yawe yamefika kwenye kivuko cha mto kabla ya mvua. Yakifika, wasichana watarudi. Yakikosekana, watauzwa kwa misafara ya pwani. Akaaga kwa adabu zote, akaenda zake.

Baraza lilikaa hadi jua likapinda. Luhende alikataa katakata. Alisema nchi ikilipa vita isiyoianza, basi imekubali kwamba kuvamiwa ni kosa lake, na kila mwenye bunduki atakuja kuivamia kwa kuwa anajua atarudishiwa baruti yake. Kweli tupu. Nyanzobe akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Una mikuki mingapi iliyobaki?" Luhende akataja. Ilikuwa michache mno hata watu wakaona aibu kumtazama.

"Haki ni yetu, ndugu yangu," akasema Nyanzobe. "Lakini watoto wako kwake. Tutalipa."

Lugwisha, haki ilimhusu nini? Alichotaka ni Milembe. Angempa Sagamba vilima vyote vitatu na mawe yake ili amwone binti yake akivuka mto. Na pamoja na hayo, jamani, chuki ilikuwa ikimkereketa kooni kama mwiba wa samaki.

Wakawasha tanuri zote kwa pamoja, jambo ambalo halijapata kuonekana. Mivukuto ikapumua mchana kutwa, wanaume wakakonda, miti ya mkaa ikaisha kilima kizima. Hata mwezi wa pili ulipoandama, Lugwisha akaenda kwa Nyanzobe, akaketi chini.

"Mama, nina neno. Bonge la chuma likitoka motoni, ndani yake mna mavi ya chuma. Tunaligonga mara nyingi mpaka yatoke yote. Ukiligonga nusu, jembe linang'aa vilevile, linapendeza vilevile. Likikutana na udongo mgumu linavunjika. Nataka kumpa Sagamba majembe ya namna hiyo. Yale mawili ya nje ya kila furushi yawe mazima, kwa sababu hayo ndiyo watakayoyajaribu. Manane ya ndani yawe magonjwa. Mvua zikija hawatalima. Wasipolima watakufa njaa, na vijana wenye vilemba hawamtumikii bwana mwenye njaa."

Nyanzobe akamtazama sana. "Wewe uliapa."

Aliapa, naam. Kila fundi wa Ukuvya, siku ya kuanza kazi, aliweka kiganja kwenye udongo wa tanuri akaapa kutotoa chuma kigonjwa mpaka kufa. Hakuna aliyewahi kukivunja kiapo hicho, hata walevi.

"Niliapa kwa watu," akajibu Lugwisha. "Wale si watu."

"Na ni nani watakaoyashika majembe hayo?"

"Wanyandeko wenyewe. Ni nani mwingine?"

Nyanzobe akakubali kwa kichwa. Naye alikuwa Mkuvya. Naye alikuwa amemwona kaka yake akilima kila mwaka, kombe la enzi likining'inia mtini likimngoja. Wote wawili hawakuweza kuiwazia nchi ambamo mwenye shamba hashiki jembe.

Siku ikafika. Majembe yakapangwa kwenye kivuko mafurushi mia tatu. Lubinza akavuka na watu wake, akatembea kati ya mafurushi na kijinyundo mkononi, akigonga. Kila aligongapo jembe la nje, liliimba. Lugwisha alisimama nyuma yake, akihesabu kila mlio. Mjumbe alipomaliza akatabasamu. "Kazi nzuri, Fundi. Nchi yenye mikono kama hii haikupaswa kupigana hata kidogo."

Wakaanza kuvusha wasichana. Wakavuka ishirini na mmoja. Kisha mnyororo wa waliobaki ukavutwa nyuma.

"Wengine?" Nyanzobe akapaza sauti.

"Mama, miezi mitatu wamekula," akasema Lubinza kwa ule upole wake. "Wamelindwa. Chakula si gharama? Mlinzi si gharama? Hao kumi na tisa watafanya kazi mpaka gharama hizo ziishe. Mtemi si dhalimu, hatawauza."

Loo, watu walilia siku ile! Milembe alikuwa ng'ambo, alionekana wazi, amevaa kaniki iliyochanika. Alimwona baba yake. Akainua mikono yote miwili juu, vidole vimekunjuliwa, akampungia. Lugwisha alifumbua kinywa apige kelele kwamba majembe ni mabovu, wayarudishe, atafua mengine. Angesema, wangewakata wote vichwa pale pale. Akafumba kinywa. Akajiambia: ngoja masika.

Masika yakaja, na yale aliyoyatabiri yakatimia kama alivyoyataja. Habari zilivuka mto na wasafiri: majembe Unyandeko yanavunjika kama vigae, mashamba hayakulimwa nusu yake, vijana wa vilemba vyekundu wanapora maghala ya bwana wao wenyewe. Hata mwaka wa pili, Sagamba alikuwa ametoroka na wake watatu na hema moja, na hakuna aliyejua alikokwenda. Ukuvya wakapiga ngoma siku nne. Wakatunga wimbo unaomsifu Lugwisha, kwamba fundi mmoja amevunja bunduki mia sita bila kuua mtu. Yeye alikaa kwenye kivuko, hakucheza. Alikuwa akingoja.

Siku ya nne ya ngoma wakatokea wanawake saba. Saba, kati ya wale kumi na tisa. Milembe alikuwa wa mwisho, anatembea mikono imefichwa ndani ya kaniki. Lugwisha akamkimbilia, akamkumbatia, naye akakumbatiwa, lakini akahisi mgongoni mwake kitu kisicho sawa. Akamshika mikono akaitazama. Dole gumba lilikuwapo kushoto, na dole gumba kulia. Basi.

"Kule mwungwana halimi, Baba," akasema Milembe. Sauti yake ilikuwa kavu, haina hasira. "Anayelima ni mateka. Majembe yako walitugawia sisi. Yalipoanza kuvunjika, msimamizi akasema tunayavunja makusudi. Kila jembe likivunjika, kidole kimoja. Waliokuwa wazito wa kazi walivunja machache. Mimi nilikuwa mwepesi. Ulinifundisha wewe kuwa mwepesi."

Lugwisha akazidi kuishika ile mikono.

"Njaa ilipoingia, sisi ndio tulioanza kunyimwa. Kina Nyambula, wenzangu watano, walikufa mwezi mmoja. Siku moja mjumbe alileta kipande cha jembe, akaniuliza alama hii ni ya nani, maana anataka kuja kumchuna ngozi. Nilikuwa bado na vidole viwili zaidi ya hivi vya gumba. Nikasema siijui."

"Mwanangu, sikujua..."

"Ulidhani analima nani kule, Baba?"

Wapiga ngoma walikuwa wamefika hapo kuwapokea waliorudi, na wimbo ule bado ukiimbwa nyuma. Hakuna aliyewanyamazisha.

Mwezi uliofuata, Luhende akaita baraza. Unyandeko sasa haina mtemi wala bunduki, akasema, na zamu ya Ukuvya imefika. Aliyevamia ndiye alipe. Akatandika ngozi ya ng'ombe, akaanza kupanga vijiti vyake: hivi ni vya maghala yaliyoungua, hivi ni vya waliokufa langoni, hiki kikubwa ni cha mtemi, hivi kumi na viwili ni vya wasichana wasiorudi. Watu wakaitikia kwa kila kimoja. Ilikuwa ni haki, na kila mtu aliiona hivyo, hata mimi ningeitikia.

Kisha Luhende akahesabu vijiti vinane, akaviweka kando kwa heshima, akasema, "Na hivi ni vidole vya Milembe."

Milembe alikuwa amekaa karibu na baba yake, aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko cha mti. Akageuza uso kutoka kwenye kijiko.

"Hivyo viondoe hapo," akasema. "Wanyandeko hawadaiwi hivyo."

Luhende akashangaa, akataka kubisha. Nyanzobe akamwekea mkono begani. Basi Luhende akaviokota vyote vinane, akazunguka ile ngozi polepole, akavilaza mbele ya miguu ya Lugwisha. Fundi akaviacha palepale. Kisha akachota uji mwingine, akaupuliza upoe, akaupeleka kinywani mwa binti yake.