Siku Mashine ya Picha Ilipogoma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Genoveva alipanga foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika huko Bagara, mjini Babati. Mara nyingi alirudi mikono mitupu. Miaka ile ya themanini kila kitu kilikuwa adimu: sabuni, sukari, hata mafuta ya taa. Shangazi yake, Philomena, alifulia majani ya mpapai, na nguo zilitakata kiasi cha kumridhisha mtu asiyezitazama sana.

Genoveva alikuja kuishi kwa shangazi baada ya mama yake, Evangelina, kufariki kijijini kwao, milimani Mbulu. Shangazi alikuwa mwema, lakini alishinda shambani. Shuleni wenzake walikicheka Kiswahili chake, wakaiga lafudhi yake ya Kimbulu, basi akaacha kusema. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake nyuma ya darasa, akiwasikia wengine wakiruka kamba. Upweke ulimuuma, lakini kuna jambo lililomuuma zaidi: alikuwa ameanza kuisahau sura ya mama. Hawakuwa na picha yake hata moja.

Siku moja Mwalimu Modesti, aliyetunza mashine ya kuonyeshea picha ya ukumbi wa kanisa, alimwita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa marehemu Evangelina, sivyo? Padri alipiga picha za mavuno kule kwenu. Mama yako yumo. Jumamosi jioni nitazionyesha ukutani. Njoo umwone."

Genoveva alishindwa kusubiri. Alhamisi mchana alipita ukumbini, akakuta mlango wazi na mashine ipo mezani. Kijijini kwao hapakuwa na umeme, naye aliamini kwamba umeme hukaa ukutani muda wote, kama maji mtungini. Akachomeka plagi, akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya kile kile.

"Nimeiharibu!" alijiambia. Mara akasikia sauti za watu nje. Kwa hofu akashika waya na kuuvuta kwa nguvu. Plagi ikachomoka, na ndani yake akahisi kitu kimeachia. Akakimbia.

Hakujua kwamba jenereta ya ukumbi huwashwa jioni tu, kwa sababu dizeli ilikuwa ya kubahatisha. Wala hakuwa na rafiki wa kumuuliza.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, jenereta ikanguruma nje, taa zikawaka. Genoveva alikaa kwenye benchi la nyuma karibu na Naitoti, msichana wa darasa lake. Mwalimu Modesti akabonyeza swichi ya mashine. Haikuwaka.

"Jenereta ni nzima, maana taa zinawaka," alisema. Akachomeka redio kwenye soketi ile ile, ikaimba. Akatoa balbu ya mashine, akaitazama kwenye mwanga. Uzi wake haukuwa umekatika. Akaifungua mashine, akakagua fyuzi ya ndani, nayo ilikuwa nzima. Jasho likamtoka. Watu wakaanza kunong'ona, watoto wakaanza kupiga miluzi.

"Basi ugonjwa uko ndani kabisa," alisema hatimaye. "Itabidi iende kwa fundi Arusha. Na petroli hii ya siku hizi, tusitegemee kuiona mwaka huu. Samahani jamani, nendeni nyumbani."

Genoveva aliwaza. Akisema, watu wote watajua, na watamcheka kuliko kawaida. Asiposema, mama ataondoka tena, safari hii pamoja na mashine, ndani ya sanduku lake la mbao. Akasimama.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Alhamisi nilijaribu kuiwasha, ikakataa. Nikavuta waya. Ndani ya plagi kitu kiliachia."

Mtu mmoja alicheka. Mwalimu Modesti hakucheka. Alichukua bisibisi, akafungua plagi. Waya mmoja ulikuwa umechomoka kwenye skrubu yake. Akaurudisha, akaukaza, akachomeka plagi na kubonyeza swichi.

Mwanga ukajaa kwenye shuka. Picha zikapita: magunia, ng'ombe, wanaume wakipura maharage. Kisha akatokea mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, ungo mikononi, akicheka na jino lake moja limepandana na jingine. Genoveva alikuwa amelisahau jino lile. Akalia waziwazi, bila kujificha.

Mwalimu Modesti aliiacha picha ile ikae kuliko nyingine zote. Kisha akamwendea.

"Kugusa bila ruhusa ni kosa, na kesho utakuja kufagia ukumbi huu," alisema taratibu. "Lakini sikiliza. Mashine haiwezi kusema inaumwa wapi, ndiyo maana nimehangaika kuifungua. Wewe una mdomo. Ukikosea, sema mapema, kosa litengenezwe likiwa bado dogo. Na ukiwa na huzuni, sema pia. Sisi hatuwezi kukufungua tuone."

"Ndiyo, mwalimu."

Naitoti alisogea karibu. "Yule ndiye mama yako? Alikuwa mtu wa namna gani?"

Genoveva alifuta machozi. Kisha, kwa Kiswahili chake kile kile, akaanza kumweleza.