Mgeni wa Kilio cha Mama Léontine

Mkeka aliokalia yule mwanamke mgeni ulikuwa umelowa. Pascasie aliuanika ukutani bila kuuliza kitu, maana kwenye kilio, Kalemie ile ya enzi za Zaire, mtu haulizwi ametoka wapi: anapewa nafasi, anapewa bugali, analia na wenzake. Adabu hiyo nzuri ndiyo iliyowaponza.

Waliyemlilia alikuwa mama yake Pascasie, Mama Léontine, muuza samaki wadogo wa ndakala sokoni, mke wa Papa Alphonse wa reli. Serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo, lakini siku hiyo kila mtu alimwita Léontine kwa sauti, na nani angethubutu kuwanyamazisha? Walisimulia alivyomfukuza kwa mwiko askari aliyemwibia samaki, na alivyomnyonyesha mtoto wa jirani pamoja na wa kwake. Mgeni alicheka nao, akiwahimiza waendelee. Alinuka tope la chini ya ziwa.

Kesho yake jirani yule alikana kabisa kwamba marehemu aliwahi kumnyonyesha mtoto wake. Alasiri Papa Alphonse, aliyeshinda akimweleza mgeni jinsi alivyomposa mkewe, alimvuta binti yake kando.

"Pascasie, huyu mama tunalilia njo nani?"

Pascasie alimkimbilia Mama Marthe, mganga aliyehamia mtaani kutoka Moba. Huyo alichungulia mlangoni tu, akawaomba wote wanyamaze: hilo ni jini la ziwa, chakula chake ni kumbukumbu za marehemu. Wakanyamaza. Ndipo mgeni, aliyekatiziwa chakula, akampakata Julie, mtoto wa Pascasie, na mtoto aliyekuwa akiimba tangu asubuhi akaanza kusahau, kwanza wimbo, kisha jina la babu yake, kisha namna ya kumeza, uji ukamtoka kinywani ukimdondokea kifuani huku akimtazama mama yake kama mtu baki, na harufu ya tope ikatanda chumba kizima, na kila mtu akaona lakini hakuna aliyeweza kuinua mguu.

"Itamumaliza mutoto," Mama Marthe alinong'ona. "Inataka marehemu muzima, asibakie hata kidogo. Nani anabakia naye mu roho?"

Wengine walikwisha kusimulia yote. Alibaki Pascasie, aliyekuwa jikoni muda wote. Hakutaka. Mungu wangu, hakutaka. Alipiga magoti mbele ya yule mwanamke, akaanza: mikono ya mama yake iliyonuka moshi na chumvi, alivyomsuka huku akimgombeza, alivyombeba mgongoni akiwa na homa mpaka hospitali, akimwimbia njia nzima, alivyomshika mkono kitandani akikata roho. Kila alichokisema alikihisi kikimtoka. Aliendelea mpaka akakosa la kusema.

Mwanamke akainuka, ameshiba, akateremka kuelekea ziwani. Julie akalia, akadai uji.

Baadaye akina mama walileta vitenge vya marehemu vigawiwe, kama desturi ilivyo. Wakamwekea Pascasie mapajani kile kizuri kuliko vyote, cha kutoka Kigoma. Alikipapasa, akakikunja vizuri, akawarudishia.

"Miye sikumujua," alisema kwa heshima. "Mugawie wale walikuwa naye karibu."